Kupiga na kuhariri picha za maji kwa shata ya polepole: mwongozo kamili

Shata, yaani pazia la ndani ya kamera linaloruhusu mwanga kuingia, ikifunguka na kufunga upesi, tone la maji hukamatwa hewani na kubaki hapo hapo. Ikiachwa wazi, kila tone huchora njia yake juu ya picha, na njia hizo zikilaliana ndipo unapotokea ule ulaini wa hariri ambao wapiga picha wengi wanautafuta. Mwaka 1861, Carleton Watkins alipopiga bonde la Yosemite kwa mabamba makubwa ya kioo, maji yalitoka yamelainika kwa sababu kemikali za wakati ule zilihitaji mwanga wa muda mrefu. Yeye hakuwa na hiari. Sisi tunayo, na mwongozo huu unahusu jinsi ya kuitumia hiari hiyo vizuri.

Naliweka wazi mapema jambo ninaloliamini: sekunde nyingi si lazima zizae picha nzuri. Maporomoko yakipigwa kwa nusu sekunde hubaki na nyuzi, mikunjo na nguvu yake. Yakipigwa kwa sekunde ishirini hugeuka bamba jeupe lisilo na kitu ndani. Kazi kubwa ya mpiga picha hapa ni kuamua maji yabakize umbo gani, kisha kutafuta muda unaolitoa umbo hilo.

Vifaa vinavyohitajika

Kamera yoyote inayokuruhusu kupanga mwenyewe muda wa shata, tundu la lenzi na ISO (kiwango cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga) inatosha. Cha lazima zaidi ni tripodi iliyo imara. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua tripodi nzito kidogo kabla ya lenzi mpya.

Baada ya hapo ni filta. Filta ya ND ni kioo cheusi kinachopunguza mwanga unaoingia bila kubadilisha kitu kingine. Nguvu yake hupimwa kwa stopu, na kila stopu moja hukata mwanga nusu. Filta ya stopu 3 huandikwa ND8, ya stopu 6 huandikwa ND64, na ya stopu 10 huandikwa ND1000. Ukiniuliza uanze na ipi, nitasema ya stopu 6. Inafaa mito, maporomoko na mawimbi katika mwanga mwingi utakaokutana nao, ilhali ile ya stopu 10 inakusukuma kwenye muda mrefu hata pale maji yanapohitaji muda mfupi.

Zipo pia filta za ND za kuzungusha, ambazo nguvu yake hubadilika kadiri unavyozigeuza. Zinarahisisha kazi, lakini ndani yake zina vioo viwili vya polaraiza, na zikisukumwa hadi mwisho kwenye lenzi pana huacha alama nyeusi ya msalaba angani. Zitumie katikati ya kipimo chake.

Filta ya polaraiza nayo usiiache nyumbani. Huondoa mng'ao juu ya mawe yaliyolowa na majani, hufichua kokoto zilizo chini ya maji, na hukata kati ya stopu 1 na 2 za mwanga. Izungushe polepole huku ukitazama kioo cha nyuma cha kamera, usimame pale mng'ao unapopungua. Usiumalize wote kila mara: jiwe lililolowa linahitaji kung'aa kidogo ili mtazamaji aone kwamba lina maji.

Ongeza rimoti ya shata au tumia taima ya sekunde 2, betri ya akiba, na vitambaa vikavu kadhaa vya kufutia lenzi. Kitambaa kimoja hakitoshi karibu na maporomoko.

Hatua ya 1: Tafuta mwanga unaofaa

Jua kali la mchana ndilo adui. Linaunguza povu jeupe, linatia vivuli vyeusi kwenye mawe, na tofauti kati ya hivyo viwili huizidi kamera. Siku ya mawingu mazito, kivuli cha msitu, au ile nusu saa kabla ya jua kuchomoza na baada ya kuzama ndizo nyakati za kazi hii. Katika korongo lenye kivuli, ukiwa na ISO 100 na f/11 (kipimo cha tundu la lenzi; namba ikikua, tundu hupungua), mara nyingi kamera yenyewe itakupa muda wa robo sekunde au karibu na hapo. Weka polaraiza na utafika nusu sekunde au zaidi bila ND yoyote.

Angalia pia upepo. Maji yanapolainika, majani yanayotikisika nayo hulainika, na majani yaliyolainika huonekana kama kosa. Tutaona baadaye njia ya kulirekebisha hilo katika uhariri, ila kusubiri upepo utulie ni bora zaidi.

Hatua ya 2: Panga fremu kwa kufuata kitu kisichosogea

Maji laini yanahitaji jirani mgumu. Jiwe, gogo, nguzo ya gati, mzizi wa mti: kitu kilichotulia na chenye makali ndicho kinacholifanya jicho lione kwamba maji yanakwenda. Fremu iliyojaa maji matupu, hata yakiwa mazuri kiasi gani, mara nyingi huwa haina pa kushika. Kwa hiyo chagua jiwe kwanza, kisha tazama maji yanavyolizunguka.

Tazama vilevile njia ya povu. Katika dimbwi lililo chini ya maporomoko, povu huzunguka taratibu kiasi kwamba jicho halitambui mduara wake. Shata ikikaa wazi kati ya sekunde 10 na 30, mduara huo hujitokeza kamili. Tupa macho kwenye jani moja linaloelea, ulifuate. Litakuonyesha mchoro utakaoonekana kwenye picha kabla hujabonyeza kitu.

Hatua ya 3: Chagua muda wa shata

Hapa ndipo penye kiini cha kazi, kwa hiyo tukae kidogo.

Mawimbi yanayopiga mwamba yana nguvu, na nguvu hiyo hupotea haraka. Anzia sekunde 1/15 hadi 1/4. Matone yatavutika kidogo, lakini wimbi litaendelea kuonekana kama wimbi. Wimbi linalorudi baharini juu ya mchanga linataka robo sekunde hadi sekunde moja, na siri yake ni wakati wa kubonyeza: subiri wimbi lipande, lisimame, na bonyeza mara tu linapoanza kurudi. Hapo povu huchora mistari mirefu inayoelekea baharini. Ukibonyeza wimbi likiwa bado linapanda, utapata mchafuko.

Maporomoko marefu hufanya vizuri kati ya robo sekunde na sekunde moja. Kijito chenye vijiporomoko vidogo juu ya mawe hupokea nusu sekunde hadi sekunde 2, kwa kuwa maji yake ni haba na yanahitaji muda zaidi ili nyuzi zijae. Ziwa au bahari tulivu ni habari nyingine kabisa: vijiwimbi vidogo havifutiki kabla ya sekunde 30, na dakika 2 hadi 4 huugeuza uso wote kuwa tambarare, huku mawingu yakivutika angani. Katika hali hiyo muda mrefu una haki yake, maana maji hayakuwa na umbo kubwa la kupoteza.

Takwimu hizi ni pa kuanzia tu, kwani mambo mawili huzibadilisha. La kwanza ni lenzi na umbali. Maji yale yale, ukiwa umesimama pale pale, yakipigwa kwa lenzi ya milimita 100 husogea ndani ya fremu mara nne zaidi ya yakipigwa kwa milimita 25, hivyo muda wake unaweza kuwa robo. La pili ni upande wa mwendo. Maji yanayokatiza fremu kutoka kushoto kwenda kulia hulainika upesi kuliko yanayokuja moja kwa moja kuelekea kwako.

Njia salama ni kupiga ngazi: 1/8, 1/4, 1/2, sekunde 1, sekunde 2, ukiacha fremu kama ilivyo. Nyumbani, kwenye skrini kubwa, tofauti huonekana wazi, na mara nyingi utakayoichagua si ile uliyoipenda kwenye kioo kidogo cha kamera.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya filta

Kila stopu huzidisha muda mara mbili. Stopu 3 huzidisha mara 8, stopu 6 mara 64, na stopu 10 mara 1,000 kwa makadirio. Ukipima bila filta ukapata sekunde 1/60, ND8 itakupa karibu 1/8, ND64 itakupa karibu sekunde 1, na ND1000 itakupa karibu sekunde 16.

ISO iwe ya chini kabisa katika kiwango cha kawaida cha kamera yako, yaani 100 au 64. Tundu la lenzi liwe kati ya f/8 na f/11. Unaweza kufika f/16 ukibanwa, lakini f/22 usiikimbilie: mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana hutawanyika na picha nzima hupoteza ukali. Ni afadhali filta yenye nguvu zaidi kuliko tundu dogo zaidi.

Hatua ya 5: Mpangilio wa kazi mahali penyewe

Fuata utaratibu huu hadi mikono iuzoee, kwa sababu ukiruka hatua moja fremu nzima huharibika.

1. Simamisha tripodi. Fungua kwanza sehemu nene za miguu, acha nguzo ya katikati ikiwa chini. Kwenye mchanga, isukume miguu mpaka igome kuzama. Ukiiweka ndani ya mkondo, gusa mguu kwa kidole: ukihisi mtetemo, kamera nayo inatetemeka, basi sogea.
2. Zima kitulizi cha mtikisiko cha lenzi na cha kamera. Kwenye tripodi chaweza kuleta mtikisiko badala ya kuuondoa. Mkanda wa kamera uvue au uufunge usipeperuke.
3. Panga fremu, weka fokasi kwenye jiwe kuu, kisha hamishia fokasi kwenye hali ya mkono ili isibadilike tena.
4. Weka kamera kwenye M (hali ya kupanga kila kitu mwenyewe), chagua faili la RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaichakata), pima mwanga bila filta na upige picha moja ya kawaida. Picha hii itakufaa sana wakati wa kuhariri rangi.
5. Funga filta taratibu bila kuigusa pete ya fokasi. Badilisha muda kulingana na hesabu. Ukipita sekunde 30, kamera nyingi zitakutaka uhamie kwenye hali ya B, ambapo shata hubaki wazi kadiri unavyoishikilia, na kushikilia shata kwa rimoti.
6. Kama kamera yako ni ya kioo cha kunyanyuka (DSLR), ziba tundu la kuchungulia. Mwanga huweza kupenya huko nyuma wakati wa muda mrefu na kuacha doa.
7. Futa lenzi, bonyeza, ondoa mikono, subiri.

Kamera nyingi zina mpangilio wa kupunguza chengachenga (nukta zisizotakiwa zinazotapakaa kwenye picha) za muda mrefu. Ukiuwasha, kamera hupiga picha ya pili gizani kwa muda ule ule na kuitumia kufuta nukta zinazong'aa. Maana yake ni kwamba picha ya dakika 2 itakugharimu dakika 4. Nashauri uuwashe kwa picha za dakika kadhaa, hasa kwenye joto, na uuzime mwanga unapobadilika haraka wakati wa machweo.

Hatua ya 6: Soma histogramu

Histogramu ni grafu ya kamera inayoonyesha picha ina giza na weupe kiasi gani; ikirundikana kwenye ukingo wa kulia, weupe umeungua. Povu jeupe ndilo sehemu ya kwanza kuungua, na likishaungua hakuna programu itakayoirudisha nyuzi iliyopotea. Kamera ikiona korongo lenye mawe meusi hudhani eneo lote lina giza na huongeza mwanga, hivyo maji huungua. Punguza theluthi mbili ya stopu hadi stopu nzima. Washa ile alama inayomweka juu ya sehemu zilizoungua na punguza muda mpaka zibaki nukta chache tu. Vivuli unaweza kuvinyanyua baadaye.

Kuza picha kwenye kioo cha nyuma na ukague mambo mawili: ukali wa jiwe na matone kwenye lenzi. Tone moja la mnyunyizo huacha doa la ukungu ambalo halionekani picha ikiwa ndogo.

Ukiwa huna filta, au una simu tu

Piga picha 16 mfululizo za robo sekunde kila moja, kamera ikiwa haijasogea, kisha ziunganishe kwa wastani kwenye programu. Matokeo hufanana na picha moja ya sekunde 4, na chengachenga hushuka hadi robo. Katika GIMP, programu ya kuhariri picha, weka picha zote kama tabaka na upange uwazi kuanzia chini: asilimia 100, 50, 33, 25, 20, na kuendelea, yaani 100 gawanya kwa namba ya tabaka. Njia hii naipenda hata kwa wenye filta, kwa kuwa inakuruhusu kuamua ukiwa umekaa mezani ni picha ngapi uziunganishe.

Simu nyingi zina tundu la lenzi lisilobadilika, hivyo mchana hazifiki muda mrefu zenyewe. Tumia programu ya kamera inayounganisha picha nyingi, au hali ya kupanga mwenyewe jioni, simu ikiwa kwenye tripodi ndogo. Kwenye iPhone, picha ya Live Photo (inayorekodi pia mwendo mfupi) inaweza kugeuzwa kuwa ya muda mrefu tangu toleo la iOS 11. Hukusanya sekunde 3 hivi, muda unaotosha kabisa kwa kijito.

Usalama wako na wa kamera

Kabla ya kushuka kwenye miamba ya bahari, simama juu na uyatazame mawimbi kwa dakika kumi au zaidi. Makubwa huja kwa makundi, na utulivu wa dakika tatu hauthibitishi kitu. Usiipe bahari mgongo. Jua saa ya maji kujaa na njia yako ya kurudi. Mtoni, maji yakianza kubadilika rangi, kuleta vijiti au kupanda, ondoka mara moja: huenda mvua imenyesha mbali juu ya mto ilhali kwako jua linawaka. Picha itasubiri siku nyingine.

Ukitoka baharini, suuza tripodi kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uikaushe ikiwa imefunguliwa.

Kuhariri: anza na rangi

Darktable na RawTherapee ni programu za kuhariri za bure na zinamudu kazi hii. Lightroom ni ya kulipia. Hatua ni zile zile.

Filta za ND, hasa zenye nguvu, hutia rangi: nyingine hukaza bluu, nyingine zambarau au kahawia. Fungua ile picha uliyopiga bila filta, rekebisha mizani yake ya weupe (ubaridi au joto la rangi) mpaka mawe yaonekane ya kweli, kisha iweke kando ya picha yenye filta na uilinganishe hii ya pili mpaka zikaribiane. Maji yaliyo kivulini hubeba bluu ya anga. Usiiue yote. Mimi huchagua maji peke yake na kuyaacha yawe baridi kidogo, nikiyapa mawe na majani joto kidogo, na tofauti hiyo huipa picha kina.

Mwanga na umbile la maji

Shusha mwanga mkali mpaka nyuzi zionekane ndani ya weupe. Nyanyua vivuli kwa kiasi, kwa sababu mawe meusi ndiyo yanayoyafanya maji yang'ae. Baada ya hapo chora eneo la maji na ulishughulikie peke yake. Kama maji yametoka bapa, ongeza utofauti kwa mkunjo wa S usio mkali, ili nyuzi zitengane. Kama yametoka yakiwa na mikwaruzo isiyopendeza, punguza umbile kwa pointi 10 hadi 20. Slaida ya kuondoa ukungu usiitumie kwenye picha nzima; huyatia maji uchafu wa kijivu na kuiharibu kazi yote uliyofanya mtoni.

Ukali uuweke kwenye kingo za mawe tu. Maji laini hayana kingo za kunoa, na ukiyanoa utanoa chengachenga.

Kuunganisha majani yaliyotulia na maji laini

Upepo ukikataa kutulia, piga picha mbili za fremu moja. Ya kwanza ni ya maji, kwa mfano sekunde 1 kwa ISO 100. Ya pili ni ya majani: ISO 1600 na sekunde 1/15, tundu na fokasi zikiwa zile zile. Mwanga unabaki sawa, majani yanaganda. Katika GIMP au Photoshop, weka picha ya majani juu, ipe maski nyeusi inayoificha yote, kisha paka nyeupe kwa brashi laini juu ya majani pekee. Punguza chengachenga kwenye tabaka hilo la juu tu.

Wapo wanaoona huu ni udanganyifu. Mimi sioni hivyo: Gustave Le Gray, katika miaka ya 1850, aliunganisha negativu mbili, moja ya bahari na nyingine ya anga, kwa sababu bamba moja halikuweza kuvibeba vyote viwili. Mpaka wangu ni kwamba picha zote mbili ziwe za mahali pale pale na wakati ule ule.

Usafi wa mwisho na kuhifadhi

Kuza hadi asilimia 100 na upite fremu nzima kwa mpangilio, kona hadi kona. Tundu dogo la lenzi hufichua kila vumbi lililoko kwenye kihisi, na anga laini au maji laini hayalifichi. Futa pia nukta nyekundu, bluu au nyeupe zilizobaki kutokana na joto la kihisi.

Kwa mtandaoni, hifadhi JPEG ya sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini. Kwa kuchapisha, hifadhi TIFF, na kabla ya kuipeleka angalia thamani ya weupe wa povu: ukiacha 255, yaani weupe kamili kwenye kipimo cha 0 hadi 255, mchapaji hataweka wino wowote hapo na karatasi tupu itaonekana kama tundu katikati ya maporomoko. Ishushe hadi 245 hivi, chapisha kipande kidogo cha majaribio chenye povu na jiwe jeusi pamoja, kitazame kwenye mwanga wa mahali picha itakapotundikwa, ndipo uchapishe kubwa.